Kifungu cha 197

Kwa aliyeua kwa kukusudia, Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamwachia jaji hukumu moja tu: kunyongwa hadi kufa. Mauaji ya watoto yaliyoutikisa Mkoa wa Njombe mapema 2019, yakihusishwa na ushirikina, yana adhabu ileile kama ya mtu aliyemkata mwenzake shoka baada ya ugomvi wa kilabu cha ulanzi Makambako, mradi kukusudia kuthibitike. Majuto au kosa la kwanza havibadilishi kitu; wakili anaomba huruma ambayo jaji hana mamlaka ya kuitoa.

Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliona adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikiri kuwa ni ya kikatili, lakini ikaibakiza kwa hoja ya maslahi ya umma, hoja ngumu kumeza.

Uganda iliondoa ulazima wa adhabu hiyo 2009, Kenya 2017. Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kuwa kumnyima jaji hiari kunakiuka haki ya kuishi, ikaipa Tanzania mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwezi huohuo serikali ilijitoa katika tamko linaloruhusu wananchi kuishtaki moja kwa moja mahakamani hapo.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Hukumu zenyewe zinaendelea kutolewa, na waliohukumiwa husubiri gerezani uamuzi wa Rais.