Ardhi ya mgodi wa Kwale: kabla ya kuuliza kitajengwa nini



Mgodi wa Base Titanium ulisimama Disemba 2024. Shehena ya kwanza ilitoka Likoni Februari 2014, na kwa zaidi ya miaka 10 mchanga wa Maumba na Nguluku umepanda meli. Sasa wamemaliza. Pamebaki ardhi kubwa, bwawa la Mukurumudzi, barabara na umeme. Ukikaa maskani yoyote utasikia: huyu ataka kiwanda, yule ataka mashamba ya kumwagilia, mwengine asema chuo. Mipango mizuri yote. Lakini wewe ushauliza hati ya ardhi ile itakuwa kwa jina la nani?

Tazama Ramisi, si mbali. Kiwanda cha sukari kilikufa 1988 na ardhi ikalala. Watu wakalima, wakajenga, wakazika wazee wao pale pale. 2007 ikaja kampuni nyengine kufufua sukari, na hapo ndipo mvutano ulipoanza: nani wa shamba, nani mvamizi. Mnazi wa babu yako haukubaliki kama karatasi, hata kama kila mtu kijijini amjua aliyeupanda.

Kwa hivyo sikiliza hapa, maana ndipo penye uzito. Ardhi ikiandikwa kuwa ya umma, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia kwa niaba ya serikali, na wewe utaitwa barazani kutoa maoni. Utaongea, utapewa soda, utarudi nyumbani. Ikiandikwa kuwa ya jamii, mambo ni mengine kabisa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yasema mkataba wa mwekezaji si halali mpaka ukubaliwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, mkutanoni. Hiyo ni kura. Ila jamii yenyewe lazima iwe imesajiliwa, na kazi hiyo haingoji mwekezaji afike.

Na usiniambie serikali itatukumbuka. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Ile 10 yetu ilikaa miaka bila kuwafikia wenyewe, na mgodi ukiendelea kuchimba.

Sasa la kufanya, na ni la wiki hii. Andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ombi lenyewe halilipiwi. Peleka moja kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, moja kwa serikali ya kaunti pale Kwale. Uliza matatu tu: ardhi ya mgodi imeandikwa kuwa ya nani, mkataba wa kukodisha waisha lini, na familia zilizohamishwa zina haki gani ya kurudi. Weka tarehe, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wana siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, chukua ile nakala uende kwa Tume ya Haki za Kiutawala.

Usiandike peke yako. Nenda na mzee mmoja aliyehamishwa kutoka Nguluku, maana yeye ndiye anayejua mipaka ya zamani ilipita wapi.