Tuulize Karatasi Kabla ya Kufungua Chupa



Hapa Kakamega dhahabu si habari ngeni. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1952, na leo tunachimba wenyewe kule Ikolomani na Shinyalu. Zebaki tunaikoroga kwa mikono mitupu, halafu tunaichoma jikoni, mtoto yuko mgongoni. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini unadhuru ubongo, figo na hata mtoto aliye tumboni.

Kemikali yoyote ya hatari inatakiwa kuwa na karatasi yake ya usalama, yenye sehemu 16. Tusiogope urefu. Tuanze na tatu: ya 2 inataja hatari, ya 4 huduma ya kwanza, ya 8 vifaa vya kujikinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka anayesambaza aitoe.

Basi tumwulize muuzaji: "Karatasi iko wapi?" Hana? Tusinunue. Imeandikwa Kiingereza? Vijana wetu watusomee mkutanoni. Na jikoni, jamani, tubakize ugali na mboga tu.