Moyo Unaojieleza Kwenye Damu



Mwaka 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipasua mshipa wa mkono, akapenyeza mrija wa mkojo kiasi cha sentimita 65, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kuona kama ncha imefika moyoni. Ilikuwa imefika. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956.

Wengine walitafuta njia ya kuujua moyo bila kuuingilia. Mwaka 1981, huko Kingston, Kanada, Adolfo de Bold na wenzake walisaga nyama ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine maji yake. Panya wale wakakojoa sana, tena mkojo wenye chumvi tele. Kumbe moyo, licha ya kusukuma damu, hutoa homoni inayoziamuru figo! Mwaka 1988 watafiti wa Japani wakapata ndugu ya homoni hiyo, BNP, katika ubongo wa nguruwe. Baadaye ikabainika kwamba chimbuko lake kubwa ni moyo uleule, hasa kuta zake zinapotanuliwa na damu iliyozidi.

Faida ya kupima BNP ilionekana mapokezi ya dharura. Mgonjwa anahema: ni mapafu au ni moyo? Utafiti ulioongozwa na Alan Maisel, uliochapishwa mwaka 2002, ulipima BNP kwa watu 1,586 wa namna hiyo. Kipimo kilipatia kwa takriban asilimia 83. Sindano ya damu inauma, ndiyo, lakini haifanani na mrija wa Forssmann.

Asilimia zilizobaki ndizo zitakazowasumbua wahitimu wa udaktari, uuguzi na maabara. Unene hushusha BNP. Figo mbovu huipandisha. Vivyo hivyo troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia, inaweza kukaa juu miezi mingi kwa mgonjwa wa figo asiye na shambulio lolote la moyo, na ikawa bado chini kwa mtu aliyeanza kuumwa kifua muda mfupi uliopita. Ndiyo maana hurudiwa baada ya saa chache, kuona kama inapanda au inashuka.

Kuna pia mtoto ambaye valvu za moyo wake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao Afrika Mashariki ingali inauguza. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza peke yake kuonyesha valvu hizo; huyo apelekwe ultrasaundi.