Masomo ya mbali: sauti kwanza, video baadaye

 

Tangu M23 ichukue Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, profesa mgeni wa kutoka Kinshasa ao Kisangani hafiki tena kama zamani. Vyuo vingine vinatuambia: mtasomea kwa mtandao. Hatukatai. Lakini hatutakubali darasa lenye kumuacha inje mtoto wa maskini, kisha mwisho wa mwaka kumuandikia sifuri.

Tufanye hesabu pamoja. Video ya kawaida, yenye kutumia kilobiti 600 kwa sekunde, inakula mega 270 kwa saa moja. Masomo ya saa kumi kwa juma ni mega 2.700. Na hapo kamera yako wewe imezimwa, unapokea tu!

Sasa tuchukue sauti peke yake. Kuna kanuni ya kufinya sauti inaitwa Opus, ilitoka 2012, iko wazi, hakuna mwenye kuilipia. Kwa kilobiti 24 kwa sekunde, mwalimu anasikika muzuri. Ongeza uzito wa pakiti zenye kubeba ile sauti kwenye rezo, unafika kama kilobiti 40, maana yake mega 18 kwa saa. Saa kumi, mega 180. Ni mara kumi na tano chini ya video. Kwa mwenye kununua mega za siku moja moja, hiyo njo tofauti kati ya kusoma na kubaki nyumbani anangoja rafiki amuhadisie somo.

Zamani ilikuwa ngumu zaidi. Kanuni ya H.323, ambayo ITU iliitoa 1996, ilizoeleka kwenye vyumba vyenye mashine za bei kali, na fundi wa kuzichunga. Leo kuna WebRTC, W3C na IETF waliikamilisha 2021: darasa linafunguka ndani ya kivinjari cha telefoni, bila kupakua programu nzito. Jitsi na BigBlueButton zinatumia hiyo, na chuo kinaweza kuziweka kwenye seva yake bila kununua leseni. Kwa hiyo mtu akituletea kontrati ya dola nyingi, tumuulize analipisha nini.

Kuna jambo lingine watu hawalisemi: kuchelewa. ITU inashauri sauti isipitishe milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Satelaiti yenye kukaa kilometa 36.000 juu yetu, kupanda na kushuka tu inakula karibu 250. Njo maana munaingiliana maneno: profesa anauliza, wawili wanajibu pamoja, wote wananyamaza, kisha wote wanaanza tena. Hata ulipe forfe kubwa namna gani, hiyo haitoki. Penye rezo ya namna hiyo, maswali yaandikwe, profesa ayasome na kujibu.

Basi tunaomba vyuo hivi: sauti kwanza, video kwa mwenye kuiweza. Silabusi na picha za somo zitumwe usiku wa mbele, zikiwa nyepesi. Kila somo lirekodiwe. Saa mbili za sauti ni kama mega 22, tunapeana kwa kadi ao Bluetooth bila kulipa kitu. Na mwanafunzi ambaye kuran ilimkatikia asihesabiwe kwamba hakuwepo. Mitihani yenye kulazimisha kamera iwake saa mbili, hapana kabisa.

Wakubwa wa promosyoni, tuko na kazi yenu juma hili. Andikeni hesabu tu, bila majina: wangapi wako na telefoni yenye kuingia intaneti, wangapi wanatumia moja na kaka ao dada, wangapi hawana kuran nyumbani. Karatasi zitufikie mbele ya siku ya tano. Siku ya kwanza asubuhi tunazipeleka kwa sekretarieti ya masomo, na tutangoja pale pale mpaka watupigie muhuri wa kupokea.