Tuuze Cherehani Mtoto Asome?

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

Nawasalimu ninyi mlioko Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja, na majirani zetu wa hapa Kampala, kule Nsambya, Katwe na Kansanga.

Leo sina mgeni studioni. Nina ujumbe wa sauti kutoka kwa baba mmoja wa Kyaka II, na nimeusikiliza mara tatu. Kijana wake amepata nafasi katika chuo kikuu hapa Kampala. Ada ya muhula wa kwanza inaweza kupatikana, ila itabidi wauze cherehani ya mama na mbuzi wanne. Kisha baba anasema: "Huko Kampala mnao vijana wenye shahada wanaoendesha boda boda. Mimi niuze cherehani ili mwanangu akaendeshe boda boda?"

Mzee wangu, swali lako ni zito. Tangu Julai 2023 chakula cha msaada kinagawiwa kwa makundi matatu, na kundi la tatu halipewi kitu. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua zaidi, watu karibu milioni moja hapa Uganda waliondolewa kwenye mgao. Cherehani hiyo ndiyo sufuria yenu. Nitazungumza nikilikumbuka hilo.

Ni kweli, wapo wenye shahada wanaoendesha boda boda, na wengine wanauza chapati za mayai kando ya barabara. Na jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi, biashara nyingi zikaanguka, sukari na sabuni zikawa vitu vya magendo. Miaka ya 1980 mshahara wa mhadhiri wa Makerere haukumfikisha mwisho wa mwezi. Wasomi wale walifuga kuku, wakalima, wengine wakaendesha teksi. Lakini vyeti hawakuvitupa. Kuku walilisha nyumba, vyeti vikakaa sandukuni vikingoja siku yake, na nchi ilipotulia, ofisi zilizofunguliwa upya ziliwauliza watu vyeti.

Sasa ugumu ni mwingine. Mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, vyuo vya binafsi navyo vikaongezeka, na wenye shahada wakawa wengi kuliko kazi. Shahada peke yake haikupi kazi tena. Lakini kuna milango isiyofunguka bila karatasi. Sera ya walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu Uganda awe na shahada, hata wa shule ya msingi. Muuguzi wa A1 aliyetoka Bukavu na mikono yenye ujuzi hawezi kuajiriwa hospitalini hapa mpaka asajiliwe na baraza la wauguzi.

Kwa hiyo boda boda hainitishi sana, mzee wangu. Kinachonitisha ni hesabu yako. Shahada ya miaka 3 ina mihula 6. Cherehani na mbuzi vinalipa muhula mmoja. Mitano iliyobaki italipwa na nini, na mama hashoni tena? Bado hujaweka kodi ya chumba, nauli, ada ya mitihani, na nguo ya kwendea mafunzo ya kazini. Mwenye boda boda aliye na shahada anaweza kuiacha boda siku nafasi ikitokea. Aliyeishia mwaka wa pili hana cha kuonyesha mlangoni, na cherehani nayo imekwenda. Hapa mjini nimewaona vijana wa namna hiyo. Wengine wanaona haya hata kurudi nyumbani.

Kabla ya kuuza chochote, ulizeni kwanza kama chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Ofisi yake iko hapa Kampala. Ulizeni pia kama chuo kinamtoza mkimbizi ada ya mwenyeji au ya mgeni, maana vyuo havifanani na tofauti inaweza kuwa kubwa. Kama kijana ana diploma ya serikali ya Kongo, ilinganishwe na vyeti vya Uganda kupitia UNEB. Karatasi ya Kifaransa itafsiriwe kwanza. Hilo lina gharama, lakini ni ndogo kuliko bei ya cherehani.

Upo pia ufadhili wa DAFI, unaosomesha wakimbizi vyuo vikuu tangu 1992 kwa fedha za Ujerumani na nchi nyingine, kupitia UNHCR. Wanaoomba ni wengi, wanaopata ni wachache, sitawadanganya. Lakini kuomba ni bure. Mtu akikuambia atakupitishia jina ukimpa pesa, huyo ni mwizi, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

Njia nyingine ni ngazi. Kijana anaweza kuanza na cheti, au diploma ya miaka 2, afanye kazi kidogo, kisha aingie shahada kwa diploma hiyo. Ni njia ndefu, na jirani atasema mtoto wako hakwenda chuo kikuu. Mwache aseme. Cheti kilichokamilika kinashikika mkononi.

Mzee wangu, mimi nisingeuza cherehani. Ningemwambia kijana aandikie chuo barua leo, aombe nafasi yake isogezwe hadi mwaka ujao, na katika miezi hiyo aombe ufadhili na alinganishe vyeti vyake. Mbuzi wawili mnaweza kuwauza kwa ajili ya tafsiri, ada ya kulinganisha na nauli. Mama aendelee kushona. Mwaka ujao akiwa na njia ya kulipa mihula yote sita, aje. Naye kijana atutumie ujumbe, tusikie yeye mwenyewe anataka kusomea nini. Hilo hukulisema.

(Muziki unapanda.)