Kuficha Uso Si Kufuta Uso
Hotuba kwa wapiga picha, waandishi wa redio za jamii na wahudumu wa amani, Bunia, Ituri



Nimeombwa nizungumze juu ya utengenezaji wa picha kwa kompyuta, hasa matumizi ya chaneli na vinyago. Huenda wengine wanajiuliza: jambo hili linahusiana vipi na kujenga amani? Linahusiana sana. Mashirika yetu hutuma picha za watoto waliotoka katika vikundi vyenye silaha, za wamama waliobakwa, za vijana waliokubali kutoa ushuhuda. Picha hizo husomwa na wafadhili Ulaya, lakini hurudi pia hapa kwetu, katika simu za majirani na za wale waliotenda ubaya. Mtu aliyetuamini akitambuliwa, hakuna mradi utakaomrudishia usalama wake.

Shirika la UNICEF, katika kanuni zake za kuandika habari za watoto, linataka jina libadilishwe na sura ifichwe kwa mtoto aliyedhulumiwa kingono, kwa mtoto mpiganaji, na kwa aliyewahi kuwa mpiganaji anayeonekana ameshika silaha. Kanuni tunaijua. Shida iko katika namna ya kuitekeleza.

Chaneli na kinyago

Picha ya rangi katika kompyuta ni picha tatu zilizolaliana: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Kila moja ni chaneli. Ukiitazama peke yake unaona picha ya kijivu, yenye ngazi 256 za mwanga, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa.

Kinyago nacho ni picha ya kijivu ya namna hiyohiyo. Kazi yake si kubeba rangi, bali kuiambia programu ni sehemu gani ionekane na ipi isionekane. Palipo peupe panaonekana, palipo peusi panafichwa, palipo kijivu panaonekana nusunusu. Photoshop inafanya hivyo, na GIMP, ambayo hailipiwi, inafanya hivyo vilevile.

Kwa nini tusichore tu mraba mweusi juu ya macho? Kwa sababu mbili. Mraba huo humfanya mtoto afanane na mhalifu. Tena hauwafichi watu wetu kwa watu wetu: jirani anamtambua mtu kwa mdomo wake, kwa kovu, kwa kitenge alichovaa Jumapili. Njia yenye heshima zaidi ni kumgeuza mtu mzima kuwa kivuli, huku mandhari nyuma yake ikibaki. Kwa kazi hiyo chaneli ni msaada mkubwa.

Chukua mfano wa msichana aliyesimama ufukweni Kasenyi, nyuma yake Ziwa Albert na mbingu nyeupe ya asubuhi. Tazama chaneli moja moja. Mara nyingi katika ile ya buluu mbingu na maji vinang'aa, na ngozi na nywele vinakuwa giza. Angekuwa mbele ya migomba, ungejaribu chaneli ya kijani, maana majani hung'aa zaidi humo. Ukishapata chaneli inayotenganisha vizuri, fanya nakala yake. Usiiguse chaneli yenyewe, kwa maana rangi za picha zitaharibika. Katika nakala hiyo ongeza tofauti ya giza na mwanga mpaka mtu awe mweusi na mbingu iwe nyeupe. Nguo ya rangi nyepesi haitatii. Ijaze kwa burashi nyeusi. Kisha geuza, nyeusi iwe nyeupe, na uiamuru programu ichague sehemu nyeupe. Sasa una umbo la msichana mzima, mpaka kwenye nywele, bila kulichora kwa mkono.

Hapa kuna onyo. Mtengeneza picha za harusi anapenda kijivu katika kinyago, kwa sababu hulainisha kingo. Kwetu sisi, kijivu ndani ya uso ni tundu: sura bado inapenya. Kagua kinyago chako. Ndani ya umbo pasibaki hata doa moja la kijivu.

Hatari iko wapi

Ndugu, sikilizeni vizuri sehemu hii. Kinyago kinaficha, hakifuti. Ukihifadhi faili yenye tabaka na kinyago chake, uso wa yule msichana ungali ndani, mzima. Anayeipokea anahitaji kubofya mara moja tu kuzima kinyago, naye atauona. Hata faili ya PNG yenye sehemu zisizoonekana inaweza kubeba chini yake rangi za asili, ikiwa programu iliagizwa kuzihifadhi.

Kwa hiyo, umbo likishachaguliwa, lijaze rangi moja nzito kwenye picha yenyewe. Unganisha tabaka zote ziwe moja. Hifadhi faili mpya ya JPEG, bila ile picha ndogo ya utangulizi na bila alama za mahali ambazo simu huandika ndani ya faili. Kisha ifungue katika kompyuta nyingine uone kama kuna kilichobaki.

Msitegemee ukungu wala kuuzungusha uso. Mwaka 2007 Interpol ilisambaza picha ya mwanamume aliyewadhulumu watoto, ambaye alikuwa ameusokota uso wake kwa kompyuta. Wataalamu wa polisi ya Ujerumani waliusokotoa, naye akakamatwa Thailand mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Tunafurahi kwamba alikamatwa. Lakini mlango uliofunguliwa kwa haki unaweza kufunguliwa pia kwa kisasi. Mwaka 2016 watafiti wa University of Texas na Cornell Tech walionyesha kwamba kompyuta iliyofunzwa inaweza kutambua nyuso zilizowekewa ukungu au vigae. Rangi moja iliyojazwa haina cha kusokotoa.

Tunza picha ya asili

Je, basi tuiharibu picha ya asili? Hapana. Hapa Ituri tunajua thamani yake. Katika kesi ya Thomas Lubanga mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, video iliyomwonyesha akitembelea kambi ya Rwampara tarehe 12 Februari 2003 ilikuwa sehemu ya ushahidi kwamba watoto wa chini ya miaka 15 walikuwa katika jeshi lake. Alihukumiwa kuwa na hatia tarehe 14 Machi 2012. Katika kesi hiyohiyo, mashahidi wengi walisema huku sura na sauti zao zimebadilishwa kwa ajili ya watu wa nje, lakini majaji waliwaona kama walivyo. Ndivyo nasi tufanye: picha ya asili ikae bila kuguswa, kwenye diski yenye neno la siri, mbali na ofisi ya kila siku, nakala iliyofutwa uso ndiyo itembee.

Na diski hiyo isikae ovyo. Goma iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu Februari 2025. Mji ukibadilika kwa siku chache, kompyuta iliyobaki mezani inakuwa orodha ya majina.

Mwisho, kinyago cha kwanza ni mpiga picha mwenyewe. Mwombe mtu ageuke, piga mikono yake, piga kutoka nyuma, na uso hautaingia kabisa katika mashine. Na kabla picha haijatoka, mwonyeshe mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Muulize: "Mama, jirani yako akiona hii, atakujua?" Akisema ndiyo, kazi haijaisha, hata kama kinyago chako kimekatwa vizuri namna gani.