Tebo kwa Wimbo: Nyimbo za Katuni na Hesabu za Watoto Wetu

(Hotuba tuliyoitoa Sepuka, mkoani Singida, mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili)



Katika kikao kilichopita mzee mmoja alituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Alisema, "Ninyi watu wa maendeleo, visima tunavielewa, madawati tunayaelewa. Hizi katuni ni za nini?" Leo tumekuja kumjibu, na tutakiri pia pale tulipokosea.

Tuanze na alizeti. Mama ana magunia 7, na kila gunia limejazwa debe 6. Mnunuzi anapiga hesabu haraka haraka kwenye simu, anataja jumla, mama anapokea. Kama jumla imepunguzwa, nani atajua? Mtoto wake wa darasa la 5 amesimama pale pale. Huyo ndiye angepaswa kusema, "Shikamoo mzee, 7 mara 6 ni 42, siyo 40." Debe 2 zikipotea kila anapouza, mwisho wa msimu ni daftari na sare zimepotea. Na hapo hatujagusa lumbesa.

Ndugu wapendwa, tatizo hili si la Sepuka peke yake. Shirika la Uwezo lilipoanza kuwapima watoto nyumbani kwao nchini kote mwaka 2010, lilikuta kwamba wengi wa darasa la 3 walishindwa hesabu za darasa la 2, kuzidisha kukiwemo. Serikali ilileta mtaala wa KKK kwa madarasa ya chini mwaka 2015, na mwaka uliofuata elimu bila malipo ikaanza kutekelezwa. Watoto walimiminika shuleni. Tunafurahi, lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumsikiliza kila mtoto akitaja tebo yake.

Sasa, katuni. Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu mmoja wa biashara ya matangazo aitwaye David McCall aliona mwanawe hawezi kukariri tebo, lakini nyimbo za vijana za wakati ule anaziimba zote, neno kwa neno. Akajiuliza, kwa nini tebo zisiwe nyimbo? Akamtafuta mwanamuziki Bob Dorough, na mwaka 1973 zikaanza kuonyeshwa katika televisheni ya ABC, katuni fupi za kama dakika 3, kila moja na namba yake. Zinajulikana kwa jina la Multiplication Rock, sehemu ya mfululizo wa Schoolhouse Rock, nao ulidumu hadi mwaka 1985 na kurejea tena miaka ya 1990.

Tulizitazama upya hivi karibuni, tukashangaa. Wimbo wa 2 unasimulia safina ya Nuhu na wanyama waliokwenda wawili wawili. Wimbo wa 4 unahesabu miguu ya wanyama. Wimbo wa 5 ni watoto wanaocheza kujificha, mmoja amefumba macho anahesabu kwa tano tano. Mtunzi hakuanza na tebo ukutani. Alianza na kitu ambacho mtoto anakijua, namba ikafuata nyuma yake. (McCall mwenyewe alifariki mwaka 1999 pamoja na mke wake, kwa ajali ya gari nchini Albania, wakiwa katika kazi ya kuwasaidia wakimbizi wa Kosovo. Tumeona vema mlijue hilo.)

Hata hivyo, hatuna haja ya kuagiza kila kitu ng'ambo. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza kuonekana TBC1. Hii ni katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, yenye hadithi na nyimbo za hesabu na sayansi. Mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida, na wahusika wa katuni wakamjibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichambua takwimu za Uwezo, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba watoto walioifahamu katuni hiyo walifanya vizuri zaidi katika hesabu, hata baada ya kuzingatia hali ya kaya zao. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo, na gharama kwa kila mtoto ni ndogo sana.

Hapo ndipo tulipopata moto, tukakosea. Tulileta jenereta, shuka jeupe na mashine ya kuonyeshea picha. Watoto walijaa, na wazazi wao, na wengine wasio na mtoto shuleni. Waliimba mpaka vumbi likatimka. Baada ya wiki 3 tukarudi na kipande cha chaki. Tukauliza: 7 mara 8? Kimya. Kisha binti mmoja akaanza kuimba kutoka 7 mara 1, taratibu, mpaka akafika 8, akasema 56. Alipata. Tukamwuliza, "Ng'ombe 8 wana miguu mingapi?" Akatutazama tu. Na nyumbani kwao ng'ombe wapo, anawatoa zizini kila asubuhi.

Kosa halikuwa la binti yule. Sisi tulileta wimbo tukaacha hesabu mjini.

Tangu hapo tumebadili utaratibu. Sasa mhamasishaji anasimamisha wimbo katikati, kabla jibu halijatajwa, na watoto wanalitafuta kwa mbegu za alizeti zilizopangwa mistari mchangani. Mistari 4 ya mbegu 6, halafu wanazungukia upande wa pili: mistari 6 ya mbegu 4. Wanaona wenyewe kwamba ni 24 zile zile, na kwa hiyo nusu ya tebo wamekwisha kuijua bila kukariri. Kisha tunauliza kwa kurukaruka, kwanza 9, halafu 3, halafu 7, ili mtoto asiegemee mpangilio wa wimbo. Mwisho wanatunga wimbo wao. Kikundi kimoja kimetunga wa maksai, jembe moja maksai wawili, na wazee walipousikia wakasahihisha namna ya kufunga nira! Wapo wadogo ambao namba za nyumbani ni za Kinyaturu. Kwao tunaanza na mbegu, Kiswahili kinafuata.

Picha siyo lazima. Simu moja na spika ndogo ya kuchaji kwa sola vinatosha kwa nyimbo, na visipokuwepo, ngoma na makofi yapo.

Tunaloomba ni hili. Kwa kamati: tupeni ukumbi Jumamosi saa moja tu, baada ya kipindi cha Utoto Mtakatifu, na mlango uwe wazi kwa watoto wote, Wakristo na Waislamu, kwa kuwa mnunuzi wa alizeti haulizi dini. Kila jumuiya ituletee kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mwenye subira. Mama au baba aje naye siku ya kwanza, aone.

Kwa wafadhili wetu: mashine nyingine ya picha hatuihitaji kwa sasa. Iliyopo inakaa kabatini. Tusaidieni mafunzo ya vijana hawa, nauli zao, na betri. Tunajua kwamba betri haipendezi kupigwa picha kama jengo, lakini ndiyo inayoisha.

Na kwa mzee aliyeuliza swali: tunakuomba uje Jumamosi, saa 4 asubuhi. Binti yule atakuwepo. Umwulize miguu ya ng'ombe wako, idadi yoyote unayotaka.